Desktopu ya zamani iwe rauta: Windows, Debian, OPNsense au OpenWrt, uchague ipi?

Una laini moja ya intaneti, una swichi, una desktopu imekaa chini ya meza inakula vumbi, na kuna watu kumi na kitu wanataka kuingia mtandaoni. Ukiuliza utapewa majibu manne tofauti: mmoja atakwambia washa tu kushea kwenye Windows, imeisha hiyo. Mwingine atakwambia weka Debian, mfumo wa Linux wa bure, uandike sheria zako mwenyewe, wa tatu anasema OPNsense au pfSense, mifumo iliyotengenezwa kuwa fayawoli, ndo mpango mzima, na wa nne anasema OpenWrt, Linux ndogo ya rauta, inatosha kabisa hao wengine wanajitesa bure. Wote wanne wako sahihi, ila kila mmoja anaongelea kwake.

Hapa nawaza sehemu za kawaida tu, steshenari yenye mashine sita zinazojazia watu fomu, hosteli ya wanafunzi, maabara ya kompyuta ya shule, ofisi ndogo. Kazi yenyewe kwa zote nne ni ile ile: kompyuta inakaa katikati, mkono mmoja umeshika intaneti na mwingine umeshika mtandao wa ndani, inawagawia watu anwani za IP, wakitoka nje inawafunika wote kwa anwani yake moja, na wa nje hawaruhusiwi kuingia ndani bila kuitwa.

Alafu niseme mapema, kama kompyuta huna na unataka kwenda kununua kwa ajili ya kazi hii tu, subiri kwanza. Karauta kadogo ka MikroTik kanakula umeme kidogo sana na kanafanya mengi ya haya. Makala hii ni ya yule ambaye mashine tayari anayo, au anataka nguvu ambayo rauta ndogo haina, au anataka tu kujifunza, na hiyo nayo ni sababu halali.

Vigezo nilivyotumia

Nimeangalia mambo sita kwa kila chaguo: inataka mashine na kadi za aina gani, kuiseti kukoje, umeme ukikatika ukarudi inakuwaje, inagawaje spidi na inakuonyeshaje anayemaliza bando, inawadhibitije watu yaani vocha na kuzuia tovuti, na mwisho mambo ya apdeti na mashine ikifa. Juu ya hayo sita kuna moja ambalo watu hawaliulizi kabisa: we ukiwa umesafiri na intaneti imegoma saa mbili usiku, nani ataigusa? Kwa maoni yangu hilo ndo linaamua zaidi kuliko spidi, maana mashine yoyote ya miaka kumi iliyopita inasukuma laini ya Mbps 20 au 50 bila hata kutoka jasho.

Ya wote, haijalishi unachagua ipi

Unahitaji sehemu mbili za waya. Desktopu nyingi za mtumba, zile Dell OptiPlex na HP ndogo ndogo, zina moja tu, kwa hiyo unaongeza kadi ya PCI Express. Angalia kitu kimoja ambacho watu wanakikuta wakiwa wameshafungua mashine: kesi zile nyembamba zinataka kadi yenye bati fupi la nyuma, ya bati refu haifungi. Adapta ya USB nayo inawezekana lakini siyo kwa zote, nitasema chini.

La pili ni anwani kugongana. Modemu au rauta ya kampuni ya simu mara nyingi inagawa 192.168.1.x, na OPNsense na OpenWrt nazo zikiwa mpya upande wa ndani zinajiita 192.168.1.1. Ukiunganisha hivyo hivyo mashine inaona mtandao ule ule pande zote mbili, haijui ipeleke wapi, na unaweza kukaa siku nzima unalaumu waya. Badilisha upande wa ndani uwe kitu kama 192.168.50.1 kabla hujachomeka waya wa nje.

La tatu, waifai. Usihangaike kuifanya kompyuta irushe waifai yenyewe, chukua rauta yoyote ya zamani, zima DHCP yake (ile huduma ya kugawa anwani), ipe anwani ya ndani ambayo haigongani na mtu, waya kutoka kwenye swichi uingie kwenye tundu la LAN (la ndani) na siyo la WAN (la nje), basi hapo inakuwa kirushio tu na kazi zote za akili zinabaki kwenye kompyuta.

La nne ni BIOS. Kuna sehemu inayouliza umeme ukirudi mashine ifanye nini, iweke iwake yenyewe. Na badilisha ile betri ya CR2032 kwenye ubao, inauzwa bei ya soda. Ikiwa imekufa, kila umeme ukikatika mashine inasahau mpangilio wa BIOS pamoja na huo wa kuwaka yenyewe, na saa inarudi nyuma miaka, na saa ikiwa mbovu vyeti vya HTTPS vinaonekana havifai mpaka ipate saa kutoka mtandaoni.

Na umeme wenyewe piga hesabu. Desktopu inayokula wati 60 ikikaa imewaka muda wote kwa siku 30 inamaliza yuniti 43 hivi za LUKU, au tokeni kwa wenzetu wa Kenya. Mashine ndogo ya wati 15 inamaliza kama 11. Laptopu iliyovunjika skrini ni nzuri hapa, inakula kidogo na betri yake kama bado nzima ni UPS ya bure.

Mashine na kadi

Windows inakubali karibu kila kitu, hii ndo raha yake. Modemu ya USB, simu uliyochomeka kwa waya, adapta ya bei rahisi ya USB, waifai, vyote inavijua au draiva zake zinapatikana. Hata kama mashine ina tundu moja tu la waya unaweza kupokea intaneti kwa simu na kuitoa kwa waya.

Debian iko karibu hivyo hivyo, Linux inazifahamu adapta nyingi za USB na modemu nyingi za 4G. Zile modemu za Huawei zinazojiita 192.168.8.1 zinaonekana kama kadi ya waya tu, unachomeka unaendelea. Ila Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kiwekeo cha mashine za 32-bit, kwa hiyo ile Pentium 4 ya babu isahau.

OPNsense na pfSense ndo zinazodeka. Zinakaa juu ya FreeBSD, mfumo tofauti na Linux, zinataka mashine ya 64-bit, na ukiwa na RAM ya GB 4 unakaa kwa amani. Kwenye kadi, za Intel zinaenda bila maneno, za Realtek zimelalamikiwa miaka na miaka kwa kukatika katika zikibebeshwa mzigo, zinaweza kufanya kazi vizuri kwako au zikakutesa. Adapta ya USB hapa usiitegemee. Ukiwa na modemu ya USB peke yake kama chanzo cha intaneti, mi ningeangalia kwingine.

OpenWrt ni kinyume chake, inakaa kwenye mashine ambayo wengine wameshaikataa. Ilianza 2004 kwa ajili ya rauta ya Linksys WRT54G yenye kumbukumbu kidogo mno, kwa hiyo kompyuta yoyote kwake ni jumba. RAM ya MB 256 inatosha na chenji inabaki, na bado kuna toleo la 32-bit. Kasoro ni kwamba haiji na draiva zote. Adapta yako ya USB ikiwa ya Realtek unaweza kukuta inataka kifurushi cha draiva, na kifurushi kinataka intaneti, na intaneti inataka hiyo adapta. Dawa ni kutumia ukurasa wao wa Firmware Selector, unaandika majina ya vifurushi unavyotaka, mfano kmod-usb-net-rtl8152, wanakutengenezea faili lenye kila kitu ndani.

Kuiseti

Windows ni dakika chache. Unafungua ncpa.cpl, unaklik kulia kwenye muunganisho wenye intaneti, unaenda kwenye «Sharing», unaweka tiki, unachagua kadi ya ndani. Mashine inajipa 192.168.137.1 na kuanza kugawa anwani. Hii kitu ipo tangu Windows 98 toleo la pili la mwaka 1999 na haijabadilika sana, yaani huchagui utagawa anwani zipi wala kwa muda gani, hakuna sehemu ya kawaida ya kubadilisha. Na usiichanganye na ile «Mobile hotspot», ile inarusha waifai kwa vifaa 8 tu.

Debian ni maandishi, lakini siyo mengi kama watu wanavyotishana. Ukitaka njia ya mkato kabisa, kwenye mashine yenye NetworkManager unaweka ipv4.method kuwa shared kwenye kadi ya ndani na yenyewe inafanya kila kitu, inajipa 10.42.0.1 na kugawa. Ukitaka kujua unachofanya, ni vitu vitatu. Kwanza ruhusa ya kupitisha, net.ipv4.ip_forward=1, iandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, maana Debian 13 haisomi tena ile /etc/sysctl.conf ambayo maelekezo ya zamani yote yanaitaja. Pili dnsmasq ya kugawa anwani na kujibu DNS (kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani), mistari miwili:

```
interface=enp2s0
dhcp-range=192.168.50.100,192.168.50.200,12h
```

Tatu sheria za nftables, fayawoli ya Linux. Kiini chake ni hiki hapa, enp1s0 ikiwa ndo kadi ya nje:

```
table ip nat {
  chain postrouting {
    type nat hook postrouting priority 100;
    oifname "enp1s0" masquerade
  }
}
```

Hapo watu watapata intaneti, ila bado mlango uko wazi, unaongeza sheria za input na forward zenye policy drop (kataa kisichoruhusiwa) zinazoruhusu ya ndani kutoka na majibu yake kurudi. Kumbuka pia kwamba Debian haiwashi nftables yenyewe, lazima useme systemctl enable nftables. Usiposema, kila kitu kitaenda vizuri mpaka siku mashine itakapozimwa, ikiwaka tena sheria hazipo na watu hawana mtandao.

OPNsense unaandika kwenye flashi, unawasha, unaweka kwenye diski, unajibu maswali ya kadi ipi ya ndani ipi ya nje, alafu mengine yote ni kwenye brauza kutoka mashine nyingine. pfSense ni ndugu yake, OPNsense ilijitenga kutoka kwake Januari 2015, na zote mbili asili yao ni m0n0wall, mradi wa zamani zaidi. Tofauti moja inayogusa huku kwetu ni kwamba kiwekeo cha sasa cha pfSense kinashusha mafaili kutoka mtandaoni wakati wa kuweka, wakati OPNsense unashusha faili zima mara moja ukiwa sehemu yenye intaneti nzuri. Menyu ni nyingi, mtu mpya siku ya kwanza anaogopa, ila ukiacha yalivyo tayari unakuwa na fayawoli inayoeleweka bila kuandika hata mstari mmoja.

OpenWrt unachukua faili la x86, unaliandika kwenye diski au hata kwenye flashi na kuiacha mashine iwakie hapo hapo. Kadi ya kwanza eth0 inakuwa ya ndani na eth1 ya nje, ukikosea tundu utadhani imekufa, hamisha waya kwanza kabla ya kuanza upya. Ukurasa wake wa mipangilio, LuCI, ni mwepesi, unafanana na rauta za kawaida, na paswedi mwanzo haipo kabisa kwa hiyo iweke kabla ya kitu kingine chochote. Kitu cha ajabu ni kwamba hata ukiiweka kwenye diski ya GB 500 inajitengea kipande kidogo cha kama MB 100, kukipanua ni kazi ya pembeni, lakini kwa matumizi ya kawaida huhitaji.

Umeme ukikatika

Hapa ndo nakaa kidogo, maana kwetu hili siyo jambo la nadra.

Windows ina ugonjwa unaojulikana na Microsoft wenyewe wameuandikia: baada ya ristati kushea kunaweza kugoma, tiki ipo lakini watu hawapati kitu, na dawa ya haraka ya kila mtu ni kutoa tiki na kuirudisha. Dawa ya kudumu ni kwenye rejista, HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, unaongeza DWORD inayoitwa EnableRebootPersistConnection yenye thamani 1, alafu huduma ya Internet Connection Sharing unaiweka Automatic. Bila hivyo kila umeme ukirudi mtu lazima aende kwenye ile mashine. Na Windows inaweza kujiristati yenyewe kwa ajili ya apdeti katikati ya kazi, umeme haujakatika wala nini.

Debian kwenye ext4 kwa kawaida inaamka vizuri, inajipanga inaendelea. OPNsense inategemea ulichagua nini siku ya kwanza, ukiulizwa diski ipangwe kwa UFS au ZFS chagua ZFS, UFS ikizimwa ghafla mara nyingi unaweza kuikuta imesimama kwenye skrini nyeusi inaomba fsck (kukagua diski), na kama mashine haina kibodi wala skrini hapo ndo utajua hujui. Pia inachukua muda kuwaka, dakika moja na zaidi kwenye mashine ya zamani.

OpenWrt ya squashfs ni ngumu kuiua. Mfumo wenyewe uko kwenye sehemu isiyoandikwa, mabadiliko yako yako juu yake, na ukivuruga kabisa unaingia failsafe, hali yake ya dharura, unarudi mwanzo. Inawaka kwa sekunde chache. Kama sehemu yako umeme unacheza na UPS hamna, hiki kigezo peke yake kinatosha kuisogeza mbele ya wenzake.

Kugawa spidi, na nani anamaliza bando

Windows haigawi. Mmoja akianza kushusha gemu ya GB 40 wengine wote wanasubiri, na hakuna mahali utakapoona ni nani.

OpenWrt ina SQM ya kupanga foleni ya spidi, unaweka luci-app-sqm, unachagua cake na piece_of_cake.qos, unaandika spidi ikiwa kama asilimia 85 hadi 90 ya ile uliyoipima, na ghafla simu za WhatsApp hazikwamikwami hata kama kuna mtu anashusha. Ukiongeza kwenye mipangilio ya ndani zaidi (advanced) maneno nat dual-dsthost kwa kushusha na nat dual-srchost kwa kupandisha, kila kifaa kinapata mgao sawa hata kama mmoja amefungua miunganisho hamsini. Na luci-app-nlbwmon inakuonyesha kila kifaa kimekula GB ngapi mwezi huu, picha ambayo kwenye hosteli inamaliza ubishi mwingi.

Debian inaweza yale yale, cake iko ndani ya kerneli tangu 4.19 ya mwaka 2018, unaandika amri za tc mwenyewe. Njia rahisi ni kuibana kadi ya ndani kwa ajili ya kushusha na kadi ya nje kwa ajili ya kupandisha:

```
tc qdisc replace dev enp2s0 root cake bandwidth 18mbit dual-dsthost
tc qdisc replace dev enp1s0 root cake bandwidth 9mbit nat dual-srchost
```

Nayo uiandikie huduma ya kuiwasha kila mara, la sivyo inapotea.

OPNsense kwake ni mabomba na foleni, unatengeneza bomba la spidi yote, unatengeneza foleni unaweka mask (kutenganisha kila mtu) kwa anwani, na watu wanagawana sawa, au unaweka mask kwenye bomba lenyewe na kila mtu anapata Mbps 2 zake na hazidi. Hii ya pili ni tamu kwa mwenye kuuza vifurushi. Grafu zake pia ni nzuri kuliko za wote.

Kwa wote angalizo moja, laini ya 4G spidi yake inapanda na kushuka kutwa, asubuhi 25 jioni 6, kwa hiyo namba utakayoandika jioni itakuwa uongo. Weka ya chini kidogo ya wastani au kubali kwamba ni nusu dawa. Kwenye faiba inakaa sawasawa.

Vocha, kuzuia na mambo ya watu

Hapa OPNsense na pfSense ndo zinazojibu bila kuongezewa kitu. Ukurasa wa kuingia upo, unatengeneza vocha za saa moja au siku, unazitoa kwenye faili la CSV, unachapisha unakata vipande. OpenWrt inaweza kwa vifurushi kama openNDS lakini unakaa chini kuisoma. Debian unajijengea mwenyewe. Windows hakuna. Ila kama unauza kwa watu wa nje kuna mambo ya leseni za mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, uliza kwanza kabla hujachapisha vocha.

Kuzuia tovuti kwa DNS zote tatu zinaweza, dnsmasq kwenye Debian na OpenWrt, Unbound kwenye OPNsense. Usitegemee miujiza, mwanafunzi mjanja akibadilisha DNS kwenye brauza yake amepita. Na kumfungia mtu kwa namba ya MAC ya simu (namba ya kadi yake ya mtandao) kumekuwa kugumu, Android 10 na kuendelea zinajitungia MAC kwa kila mtandao.

Apdeti, na mashine ikifa

Windows 10 apdeti zake za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziendi Windows 11 kwa sababu ya chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa. Kuweka mfumo usio na viraka mbele kabisa ya mtandao wako, mi siipendi, labda iwe nyuma ya rauta ya kampuni ya simu ambayo inazuia ya nje.

Debian inapata viraka kwa miaka na ni amri mbili. OPNsense inatoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Januari na Julai, na kuyapandisha ni kitufe, ila yanakula bando. OpenWrt ukipandisha mpangilio unabaki lakini vifurushi ulivyoongeza vinaweza kupotea, mpaka utumie Attended Sysupgrade, na kipande cha diski ulichopanua kinaweza kurudi kuwa kidogo.

Mashine ikiungua, OPNsense na pfSense unabaki na faili moja la config.xml, unaliweka kwenye mashine nyingine, unaiambia kadi zimebadilika majina, em0 sasa ni igb0, maisha yanaendelea. OpenWrt vivyo hivyo ni faili dogo unaloweza kujitumia kwa WhatsApp. Debian unanakili mafaili yako matatu manne. Windows unaanza upya, lakini kuanza upya kwenyewe ni dakika chache basi hakuna cha kulilia.

Nani inamfaa ipi

Windows inamfaa mwenye haraka na mwenye mashine ambayo lazima iendelee kutumika na mtu, mfano ile ya kaunta. Debian inamfaa anayetaka kuelewa, au ambaye mashine hiyo hiyo itabeba na mafaili ya ofisi, printa, labda na seva ndogo ya masomo. OPNsense na pfSense zinamfaa mwenye watu wengi, vocha, laini mbili za intaneti zinazosaidiana, na mashine nzuri yenye kadi za Intel. OpenWrt inamfaa mwenye mashine dhaifu, umeme mbovu, na anayetaka ukurasa ambao mtu wa kawaida anaweza kuufungua asiogope.

Kulingana na hali yako

Msimu wa maombi ya mkopo wa wanafunzi wa HESLB umefika, foleni iko mlangoni na rauta imekufa leo: Windows, washa tiki, watu wahudumiwe, mengine Jumapili.

Maabara ya shule yenye mashine ishirini na mwalimu mmoja wa kompyuta anayependa kazi yake: Debian, na umwachie karatasi yenye yale mafaili matatu yamechapishwa na kubandikwa ukutani. Kama huyo mwalimu anaweza kuhamishwa wakati wowote na atakayekuja haujui mstari wa amri, basi OpenWrt.

Hosteli ya watu arobaini wanaochangia bili ya faiba na kila siku kuna kesi ya nani anashusha muvi: OpenWrt yenye SQM na nlbwmon inamaliza. Wakitaka kila mtu alipie chake kwa vocha, hamia OPNsense na ununue kadi ya Intel kwanza.

Ofisi yenye faiba na 4G ya akiba, na bosi hataki kusikia neno «imekata»: OPNsense, makundi ya geti (gateway groups) yanahamisha yenyewe laini moja ikifa. OpenWrt nayo inaweza kwa kifurushi cha mwan3 ila inataka uvumilivu zaidi.

Kijijini, intaneti ni modemu ya USB, umeme wa sola: laptopu ya zamani na OpenWrt, faili ulilotengenezewa lenye draiva ya modemu ndani. Na ukiwa kule wewe ndo fundi peke yako na unasafiri mara kwa mara, andika flashi ya pili inayofanana na ya kwanza, uiache kwenye droo, iliyopo ikigoma mtu yeyote achomoe hii achomeke ile.